Oringi za Uzi Mweupe

Kiwandani walimwita Bi Dirisha, maana wengi wao hawakuwahi kumwona chini ya kifua. Walichokijua ni dirisha la stoo lenye nondo, ubao uliolainika kwa viwiko vya mafundi, na nyuma yake uso wa mwanamke mnene wa makamo, miwani ikining'inia kwa kamba shingoni, akiuliza kwa sauti ile ile kila siku: "Cha moto au cha baridi?"

Wenzake walilifanya swali hilo kuwa mzaha. Kijana akisema anaoa, wanamuuliza: wa moto au wa baridi?

Yeye hakuwa akitania. Kiwanda kilijaza juisi kwenye chupa, na popote bomba lilipoungana na bomba, au vali ilipofunga na kufunguka, palikaa pete nyeusi ya mpira ambayo mafundi waliiita oringi. Nyingine ndogo kuliko pete ya kidoleni, nyingine pana kama sahani. Kazi yake ni moja tu: kilichomo ndani kibaki ndani. Na ndani ya mabomba hayakupita matamu peke yake. Juisi ikishapita, yalioshwa kwa magadi makali yaliyochemshwa, ambayo yakikupata mkononi ngozi inabambuka kama ganda la kiazi kilichoiva. Baada ya magadi, mvuke. Kwingineko, palipo baridi, kwenye gia na majeki, yalipita mafuta. Mpira unaovumilia mafuta hauwezani na mvuke, na unaovumilia mvuke hauwezani na mafuta. Kisha, kana kwamba aliyeitengeneza alitaka kuwakomoa watu, yote miwili ni myeusi tii. Ukiiweka kiganjani huitofautishi hata ukiilamba. Ndiyo sababu Bi Dirisha alizifunga oringi za mvuke uzi mweupe, moja moja, kwa mkono wake.

Uzi huo aliuanza baada ya yale yaliyompata.

Wakati huo alikuwa bado mgeni wa stoo, na mdogo wake wa kiume alikuwa mwendesha pampu upande wa kuoshea. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi. Asubuhi moja vali ya tangi la magadi ilitema. Mdogo wake alikuwa mbele yake, mkono wa kulia umeshika usukani. Alipona, lakini mkono ulirudi kutoka hospitali umekunjamana kuanzia kiwiko, vidole viwili vimegandana na vingine havitaki kukunjika.

Vali ilipofunguliwa, oringi iliyotoka ndani ilikuwa imeumuka kama unga uliotiwa hamira, ukingo mmoja umechanika. Aliyeitoa ni mkuu wa mafundi, Mzee Kopo. Hakuwa mzee, uzee alipewa na cheo, na ukopo alipewa na kile kikopo cha grisi alichotembea nacho kwenye mfuko wa ovaroli. Kila fundi hupaka grisi kidogo. Mzee Kopo yeye alikuwa analoweka. Oringi zote za kufungwa kesho alizitumbukiza leo kwenye bakuli la grisi na mafuta ya mashine, zilale humo zilainike, na vijana wake wote aliwafundisha hivyo hivyo. Mpira mkavu, alisema, unakupotezea siku nzima kuuingiza mahali pake.

Siku ya ajali aliinyanyua ile pete mbele ya meneja na wafanyakazi waliokusanyika uani, ikining'inia kwenye ncha ya bisibisi. "Mimi nilimwomba wa mvuke," alisema. "Huyu binti akanipa wa mafuta. Haya, tazameni wenyewe."

Lililomuuma Bi Dirisha miaka yote iliyofuata si maneno hayo. Ni kwamba aliyaamini. Alikuwa mgeni, mipira yote ilikuwa myeusi, rafu zilikuwa mbili zinazotazamana; alijiuliza usiku na mchana kama mkono wake ulikwenda kushoto badala ya kulia, na mwisho akajijibu kwamba ulikwenda. Akaenda hospitali, akapiga magoti kando ya kitanda, akamwambia mdogo wake: "Nisamehe, mwanangu. Ni mimi niliyekosea." Mdogo wake aligeukia ukutani. Tangu hapo hakumwita dada tena. Alirudi kazini upande wa kubandika lebo, mahali ambapo mkono mmoja mzima unatosha, na akihitaji glovu au sabuni kutoka stoo alimtuma mwenzake. Mama yao, aliyekuwa akiishi kwa huyo mtoto wa kiume, alijifunza kumwalika binti yake siku ambazo huyo mdogo mtu yuko zamu.

Bi Dirisha mwenyewe aliondolewa stoo, akapelekwa kuosha makreti. Alikaa huko mpaka mtunza stoo aliyekuja baada yake akaacha kazi na uongozi ukakosa mtu anayejua vitu viko wapi.

Aliporudi, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa la woga. Alitaka asikosee tena maishani. Alichukua mitungi ya kioo, akaijaza magadi ya kiwanda, mafuta ya mashine, grisi, akaipanga nyuma ya boila palipo na joto, na ndani ya kila mtungi akatia kipande cha mpira wa mafuta na kipande cha mpira wa mvuke. Alikuwa akisoma vijitabu vya watengenezaji wakati wa chakula, ulimi nje ya meno kama mtoto wa shule. Baada ya siku kadhaa alikwenda kutazama.

Mpira wa mafuta uliokaa kwenye magadi ya moto haukuumuka hata kidogo. Ulikuwa umekakamaa, umepasuka mistari mistari kama kisigino cha mtu asiyevaa viatu. Akahamia mtungi wa grisi. Humo, kipande cha mpira wa mvuke kilikuwa kimevimba mara mbili ya ukubwa wake, kimelegea, kinachanika kwa kucha.

Ile ile. Ile iliyoning'inia kwenye bisibisi.

Alikaa juu ya sanduku la misumari. Kwa hiyo alikuwa ametoa mpira sahihi. Mkono wake ulikwenda kulia, kama ulivyotakiwa, na yule bwana akauchukua mpira sahihi akaulaza kwenye bakuli lake la grisi, kisha akaufunga kwenye vali, kisha mkono wa mtoto wa mama yake ukaungua, kisha yeye, asiye na kosa, akapiga magoti. Hayo magoti ndiyo yaliyomkaa kooni. Mtu akikusingizia, unaweza kusimama ukakana. Lakini huyu alimfanya ajisingizie mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya mtu pekee ambaye maoni yake yalikuwa na maana kwake.

Siku ile ile angeweza kwenda kwa meneja na mitungi yake. Alifika mpaka mlangoni. Akamwona Mzee Kopo ndani, amekaa kwenye kiti cha wageni, anakunywa chai, wanacheka. Akajua atakachoambiwa: mambo ya kale, mama, tusonge mbele. Akageuka. Akaweka mitungi kabatini, akafunga kwa kufuli, akaanza kungoja. Alingoja bila papara, na kila aliyemwona alidhani amesahau. Alimpatia Mzee Kopo bisibisi zake, spana zake, grisi yake. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba, Bi Dirisha, leo umenona." "Nashukuru."

Kwenye laini ya zamani, ule mstari wa mashine za kujazia chupa, hapakuwa na la kufanya. Baada ya ajali, uongozi uliachana na mpira mweusi wa mvuke na kununua oringi za kahawia; zile nyeusi zilizobaki zikalala stoo. Hizo hazijali grisi hata kidogo, ila magadi ya moto huzila polepole. Basi zikawa zinabadilishwa mara kwa mara, na kwa kuwa zinakufa bila kelele hakuna aliyeuliza. Mzee Kopo aliendelea kuloweka, na mpira wa kahawia ukaendelea kumsitiri.

Ndipo kiwanda kikaleta laini mpya.

Pamoja nayo alikuja injinia, msichana mwembamba mwenye sauti ya kunong'ona na tabia ya kusoma hata maandishi ya nyuma ya sabuni. Asubuhi ya kwanza alikuja dirishani na oringi ya kahawia iliyoliwa ukingo.

"Shikamoo, mama. Hizi mbona mnabadilisha sana?"

"Marahaba, mwanangu. Magadi yanazila."

"Ndivyo nilivyosoma. Nataka laini mpya tuweke nyeusi, zile za mvuke. Ila magadi yenu ni makali kuliko ya kitabuni, sijui kama zitahimili."

Bi Dirisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu yeyote wa kiwanda kile: alifungua mlango wa pembeni, akamwingiza stoo.

Walifanya kazi pamoja wiki nzima. Injinia alileta kipimajoto na kipimo cha ugumu wa mpira, kama saa ya mfukoni yenye sindano. Bi Dirisha alileta mitungi na mahali pa joto nyuma ya boila. Walipima unene kabla na baada. Waliondoa mpira wa mafuta siku ya kwanza. Waliondoa ule mweupe laini ambao muuzaji aliusifia sana, ukatoka kwenye mvuke kama utambi. Wa kahawia ulianza kubadilika rangi kwenye magadi. Mweusi wa mvuke ulitoka vile vile ulivyoingia. Injinia akaubonyeza, akatabasamu. "Huu."

"Huu," Bi Dirisha alikubali. Ilikuwa kweli. Hapakuwa na mpira bora kuliko huo kwa magadi na mvuke ya kiwanda kile, na angechagua huo huo hata kama mkuu wa mafundi angekuwa malaika. Lakini alipokuwa akisema neno hilo mate yalimjaa mdomoni, kama mtu anayenusa chakula baada ya kushinda na njaa. Chaguo lilikuwa sahihi. Atakayeufunga mpira huo ni Mzee Kopo.

"Utaanza na magadi moja kwa moja?" aliuliza.

"Hapana. Siku za kwanza maji ya moto peke yake, tuone viungo vinashikaje. Kwa nini, mama?"

"Nauliza tu. Magadi yasiingie mpaka wewe mwenyewe uridhike."

"Siwezi kuyaruhusu kabla."

"Niahidi."

Injinia alishangaa kidogo, akaahidi. Bi Dirisha akapumua. Kisasi chake kilikuwa cha mtu mmoja. Hakutaka tone moja limrukie mtu mwingine. Na kwenye oda ya oringi alimshauri injinia wanunue seti mbili, moja ya kufunga na moja ya akiba. Ile ya akiba aliifungia kwenye kabati la mitungi.

Ilibaki kazi moja, ya kuhakikisha Mzee Kopo hafanyi mambo kwa usahihi hata kwa bahati mbaya. Kijitabu kilichokuja na mipira kilisema wazi kwamba isipakwe grisi ya petroli. Ipakwe jeli nyeupe iliyomo kwenye tyubu. Mtu akimletea Mzee Kopo kijitabu hicho kwa faragha na heshima, huenda akakisoma. Bi Dirisha alikuwa amemsoma yule bwana kuliko vijitabu vyote. Alijua kwamba ukitaka asifanye jambo, mwambie alifanye, na uhakikishe watu wapo.

Akasubiri saa ambayo mafundi wote wanapanga foleni kuchukua vifaa.

"Mzee," alisema kwa sauti ya kusikika, akisukuma boksi la oringi na tyubu juu ya ubao, "hizi usizilowekee kwenye lile bakuli. Zinaharibika. Paka hii jeli tu, kidogo, kwa kidole."

Mzee Kopo aliitazama tyubu, kisha akamtazama yeye.

"Unanifundisha kufunga oringi?"

"Nakwambia kilichoandikwa, Mzee."

"Mama, mimi nafunga oringi tangu wewe unafungwa nepi." Mafundi wakaangua kicheko. "Na wewe na mimi, nani aliyewahi kukosea habari za mpira hapa? Wakumbushe hawa vijana."

Kicheko kikakatika katikati, maana wa zamani walijua. Bi Dirisha aliinamisha kichwa. Moyoni ilimjaa furaha mbaya, furaha ambayo hangemwambia hata mama yake.

"Samahani, Mzee," alisema. "Nimesahau nafasi yangu."

Mzee Kopo alichukua boksi. Tyubu aliiacha pale pale juu ya ubao.

Maji ya moto yalianza kupita kwenye laini mpya Jumatatu. Siku ya kwanza mabomba yalikaa makavu, yakang'aa, meneja akapita akipigapiga kwa kiganja kama mtu aliyenunua ng'ombe. Siku ya pili kiungo kimoja kilianza kutoa jasho. Siku ya tatu vilikuwa vingi, sakafu ikalowa, na vali mbili zikakataa kufunga kabisa. Injinia akasimamisha pampu. Wageni wenye mtaji wa laini hiyo walikuwa waje Ijumaa.

"Mipira mibovu," Bi Dirisha alimsikia Mzee Kopo akipiga kelele huko ndani. "Tumeuziwa mipira mibovu. Nani aliichagua?"

"Mimi," sauti ndogo ya injinia ikajibu. "Nimeipima. Fungua moja tuone."

"Nitafungua mwenyewe. Nyie kaeni mbali, maji ni ya moto."

Alasiri, mafundi walipokwenda kunywa chai, Mzee Kopo alikuja dirishani peke yake. Aliweka kiwiko juu ya ubao, akafungua ngumi. Ndani ilikuwamo oringi imevimba, imelegea, ikiacha alama ya mafuta kwenye mistari ya kiganja. Bi Dirisha alivaa miwani, akaitazama oringi kwa utulivu, kama mtu anayetazama picha ya ndugu aliyepotea.

"Kuna akiba?" Mzee Kopo aliuliza mwishoni.

"Ipo."

"Nipe. Nitazifunga leo leo. Hiyo jeli yako nitaitumia."

"Umeshaona pete kama hii mahali, Mzee?"

Aliangalia kando.

"Nauliza. Umeshaiona?"

"Niliisikia harufu ya grisi siku ile," alisema Mzee Kopo, sauti imeshuka. "Nilipoitoa. Nikajiambia hapana, grisi haiwezi. Kila mtu anapaka grisi. Kijana kaungua, meneja ananitolea macho, na wewe umesimama pale huna la kusema. Ikawa imepita."

"Na ukaendelea kuloweka."

"Ningeacha, watu wangeuliza kwa nini nimeacha."

Bi Dirisha alikuwa ameipika siku hii kwa miaka. Alidhani atapiga kelele. Badala yake alijikuta anazungumza polepole, kama anayempimia mtu kamba.

"Kesho asubuhi kuna mkutano wa usalama, kabla ya zamu."

"Ninajua."

"Utasimama. Utasema ulichoniambia sasa hivi. Utasema mpira niliokupa siku ile ulikuwa sahihi, na aliyemuunguza mdogo wangu ni nani. Ukimaliza, njoo hapa, oringi zitakuwa juu ya ubao."

"Unanitania."

"Sijawahi kukutania hata siku moja."

"Bi Dirisha, mimi nastaafu mwakani. Nina wajukuu. Unataka watu wanitemee mate?"

"Mimi walinitemea nikiwa sina hata mtoto. Sikufa."

"Nitamwambia injinia unaficha vifaa vya kiwanda. Utafukuzwa."

"Mwambie. Atakuuliza za kwanza zimekuwaje. Mwonyeshe hiyo."

Mzee Kopo alifunga ngumi yake. Akaondoka akitembea upande wa ukuta.

Haikupita saa moja injinia akaja. Alikuwa amelowa magoti.

"Mama, Mzee anasema ile seti ya pili hujampa."

"Ipo, mwanangu. Atakuja kuichukua mwenyewe kesho, mkutano ukiisha."

"Kesho? Mbona isiwe sasa?"

"Kesho."

Injinia alimwangalia. Akaiangalia ile tyubu ya jeli, iliyokuwa bado pale juu ya ubao, haijafunguliwa. Alikuwa mtu wa kusoma maandishi madogo. "Kesho, basi," alisema taratibu. "Kazi ya kuzifunga ni ya asubuhi moja. Tutawahi." Akaenda zake.

Asubuhi wafanyakazi wote walisimama uani, wa lebo upande wa kulia, mafundi kushoto, na Bi Dirisha, ambaye kwa kawaida alisikiliza mikutano kupitia nondo zake, alitoka akasimama nyuma kabisa. Wachache walimgeukia kuona miguu yake. Meneja alisema ya helmeti, ya viatu, ya kutokimbia kwenye ngazi. Akauliza kama kuna mwenye neno. Mzee Kopo akainua mkono nusu.

"Kuna jambo la grisi," alianza. "Tumegundua kwamba aina fulani za mpira hazipatani na grisi. Kwa hiyo kuanzia leo mafundi wote watumie jeli. Ni hilo tu."

Akataka kurudi kwenye mstari. Bi Dirisha akasema, bila kupaza: "Nani kagundua?"

Vichwa vikageuka.

"Malizia, Mzee," akasema. "Tunachelewa."

Mzee Kopo alivua kofia. Aliyasema. Yalitoka vipande vipande na kwa mpangilio mbovu, lakini yalitoka: bakuli, usiku wa kuamkia ajali, harufu, bisibisi. Alisema mpira uliotoka stoo siku ile ulikuwa wenyewe. Alisema kosa lilikuwa la mkono wake. Alisema akitazama viatu, na sauti ikawa inadidimia kadiri alivyokaribia mwisho.

"Huku nyuma hatujasikia," akasema Bi Dirisha.

Meneja alifungua mdomo, injinia akamgusa mkono. Mzee Kopo aliinua uso, macho yamemwiva, akarudia yote toka mwanzo, safari hii kwa sauti ya mtu anayeita kutoka ng'ambo. Hapakuwa na aliyecheka, na mafundi wake walitazama chini. Bi Dirisha alisikiliza kila neno, na kila neno lilimwingia kama maji baridi siku ya jua. Alimtazama akimaliza, akimtafuta kwa macho kama anayeomba aambiwe yatosha. Hakumwambia. Aligeuka, akarudi stoo, akafungua kabati, akaziweka oringi za uzi mweupe juu ya ubao pamoja na tyubu.

Mzee Kopo alizichukua bila kuinua kichwa. Kabla ya saa sita laini ilikuwa kavu.

Bi Dirisha alidhani ataimba. Alikaa juu ya kiti chake akingoja ile raha imalize kumjaa, na ilikuwa tamu, hakujidanganya, tamu kuliko alivyotarajia. Lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine ambacho hakukijua, kimejilaza humo muda wote kikisubiri zamu yake. Alipoona kivuli kikisimama mbele ya dirisha, akakitambua kile kitu.

Mdogo wake alikuwa ameegemeza mkono mzima kwenye ubao. Ule mwingine alikuwa ameuficha mfukoni. Karibu na nyusi alikuwa na mvi ambazo dada yake hakuwahi kuziona kwa karibu.

"Dada," alisema.

Neno hilo lilimpata kifuani. Angeweza kulipokea hapo hapo, angeweza hata kulia. Badala yake alikumbuka mgongo uliogeukia ukuta. Kopo alidanganya, sawa; mtu mbaya, mtu baki, ungetegemea nini. Lakini huyu alikuwa amebebwa mgongoni kwake, akiwa mtoto wa kamasi, mpaka zahanati na kurudi. Huyu alimjua. Angeweza kusema: dada yangu hakosei. Mara moja tu. Angeweza hata kuuliza.

"Nilisikia aliyoyasema," mdogo wake aliendelea. "Sijui nianzie wapi. Mama naye—"

"Saa sita imepita," akasema Bi Dirisha. "Stoo imefungwa, ni saa ya chakula."

"Dada, nimekuja—"

"Rudi saa nane."

Akavuta kibao cha dirisha, akakiteremsha polepole mpaka kikagusa ubao. Kupitia upenyo wa chini aliona viatu vya mdogo wake vimesimama, vimeduwaa. Kisha akasikia benchi la nje likiburutwa, na uzito wa mtu ukikaa.

Alifungua chakula chake, akajinawia, akala. Kwa kawaida alimaliza upesi na kurudi kwenye vijitabu vyake. Siku hiyo alitafuna kila tonge mpaka likapoteza ladha, akanywa maji kwa mafunda madogo, na kila aliposikia benchi likilia nje, kwa mtu anayebadilisha mkao na hana mahali pengine pa kwenda, alichota tonge jingine.